Ukungu na vinyufa kwenye bodi ya Datsun: ni joto la Pwani au ni rangi?

"Naishi Likoni, Mombasa. Nilijipatia seti ya Hasegawa ya Datsun 240Z ya Safari Rally ya 1971, kipimo cha 1/24. Ni modeli yangu ya tatu. Mbili za kwanza nilizipaka kwa brashi. Hii nilitaka ing'ae kama gari lenyewe, basi nikanunua mkebe wa rangi nyekundu ya kupuliza kwenye duka la rangi za magari. Muuzaji akaniambia nianze na praima ya bampa, yaani rangi ya msingi, kwa kuwa bampa nazo ni plastiki. Nilipuliza jioni baada ya mvua: praima mara moja, halafu rangi mara mbili, nzito. Asubuhi nikakuta paa na boneti vina ukungu mweupe, karibu na taa za nyuma kuna vinyufa vidogo vidogo, na mistari ya milango imekaribia kupotea. Rafiki yangu anasema ni joto la Pwani, eti huku modeli haipakiki bila kompresa na chumba chenye AC. Je, plastiki imeharibika? Naweza kuitoa rangi kwa tina? Ninunue brashi ya hewa, ile ya kupulizia rangi kwa kompresa? Au niifunike yote kwa matope, maana ni gari la Safari?"

Ndugu yangu, kabla ya lolote weka hiyo tina mbali na bodi. Usiijaribu hata kwa pamba, hata upande wa ndani. Tina ya duka la rangi za magari inayeyusha plastiki ya modeli ndani ya sekunde chache, na hapo hakutabaki cha kuokoa. Bodi yako, kwa jinsi unavyoieleza, bado inaokoleka.

Ulichonacho ni hitilafu mbili zilizokutana kwenye bodi moja, na kila moja ina chanzo chake. Ukungu wa paa na boneti ni maji yaliyonaswa ndani ya rangi. Vinyufa vya nyuma na mistari iliyopotea ni kazi ya kiyeyushi, kile kimiminika cha ndani ya rangi, kilichoingia ndani ya plastiki. Ukungu hutoka wote, usibaki hata alama. Vinyufa huacha kovu, lakini kovu linajazika na kusuguliwa. Rafiki yako amekaribia ukweli kwa habari ya hali ya hewa, ila amelitaja joto badala ya unyevu, na dawa aliyokupa, ukiitumia nusunusu, itakuongezea ukungu. Nitafika hapo.

Tuanze na praima, maana ndiyo iliyofanya madhara makubwa. Muuzaji hakukudanganya kwa makusudi. Kwake plastiki ni plastiki. Lakini bampa nyingi za magari ni polipropilini, plastiki yenye utelezi ambayo rangi haiishiki kirahisi. Ndiyo maana praima yake hutengenezwa kwa viyeyushi vikali, jamii ya tolueni na zailini, ili ipate pa kung'ang'ania. Bodi ya modeli ni polistireni, na polistireni haina ubavu mbele ya viyeyushi hivyo. Fikiria ile gundi nyembamba unayounganishia vipande: haigandishi chochote kwa unato wake. Inalainisha kingo mbili za plastiki, zinachanganyika, kiyeyushi kinaruka, panabaki kipande kimoja. Ulichopuliza juu ya bodi nzima ni ndugu wa gundi hiyo, na kwa kuwa ulikipuliza kizito, kilikaa kibichi kwa muda wa kutosha kuzama.

Kwa nini basi vinyufa vimetokea karibu na taa za nyuma na si kwenye paa? Bodi hutengenezwa kwa kusukuma plastiki ya moto kwa nguvu ndani ya umbo la chuma, kisha inapozwa haraka. Sehemu bapa hupoa kwa utulivu. Kwenye kona, kwenye nguzo nyembamba za vioo na kuzunguka matundu ya taa, plastiki hupoa ikiwa imejivuta. Mvuto huo hubaki umefungiwa humo, hauonekani wala hausumbui, mpaka kiyeyushi kiingie na kuilegeza plastiki. Hapo mvuto unapata njia ya kutoka, na njia yenyewe ni ufa.

Mistari ya milango imepotea kwa sababu mbili zilizosaidiana: kingo zimeyeyuka kidogo, na rangi imejaa ndani. Unene wa rangi ni jambo ambalo wengi huliona dogo. Tabaka lenye unene wa milimita 0.1, ambalo kwa rangi ya magari iliyopulizwa nzito ni jambo la kawaida kabisa, likikuzwa mara 24 ni sawa na milimita 2.4 kwenye gari halisi. Hebu fikiria Datsun iliyopakwa rangi nene kiasi hicho. Mlango wake usingeonekana umeanzia wapi.

Sasa ukungu. Rangi ya mkebe hukauka kwa viyeyushi kuruka hewani, na kila kinachoruka huondoka na joto la sehemu kilipokuwa. Gesi ya kusukumia nayo hupoa inapotanuka ikitoka kwenye mkebe. Matokeo yake uso wa rangi mbichi hushuka nyuzijoto kadhaa chini ya hewa inayouzunguka. Kwa hewa ya nyuzijoto 30 yenye unyevu wa asilimia 75, umande huanza kutengenezeka kwenye kitu chochote chenye nyuzijoto 25 hivi. Yaani rangi yako ilihitaji kupoa nyuzi tano tu ili hewa ianze kuidondoshea maji. Jioni, baada ya mvua, unyevu huenda ulikuwa umepita asilimia 85, na hapo pengo hubaki kama nyuzi mbili na nusu. Matone hayo madogo mno hunaswa katika rangi inayokauka, yanaizuia isijipange vizuri, na mwanga unapogonga uso huo unatawanyika. Ndio weupe unaouona. Umetokea kwenye paa na boneti kwa sababu huko ndiko rangi ilikaa nzito, na nzito hupoa zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo joto peke yake si adui. Nyuzijoto 32 yenye unyevu wa asilimia 60 ni salama kuliko nyuzijoto 26 baada ya manyunyu, kwa sababu kwenye ile ya kwanza pengo kati ya joto la hewa na umande linafika karibu nyuzi tisa. Nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, ni kitu cha bei ndogo, ukiweke pale unapopulizia. Kanuni ninayoipendekeza: chini ya asilimia 65 fanya kazi bila wasiwasi, kati ya 65 na 75 puliza matabaka membamba tu na uyape nafasi, zaidi ya 80 funika vitu vyako ukasafishe vipande vya injini. Mombasa utaipata nafasi hiyo kwa urahisi zaidi wakati wa kaskazi, Januari na Februari, na kwa siku ya kawaida ni kati ya saa sita na saa tisa mchana. Asubuhi mapema, ambapo watu wengi hupendelea kwa sababu kuna ubaridi, ndipo unyevu huwa juu kabisa.

Na AC? Inakausha hewa kweli, lakini ukipuliza humo ndani mvuke wa rangi unazungushwa chumba kizima mpaka kwenye mapafu yako. Wengi basi huiacha bodi kwenye chumba cha AC, wanaitoa barazani kuipuliza, wanairudisha. Hilo ndilo kosa lenyewe. Bodi iliyopoa hadi nyuzijoto 20 ikitolewa kwenye hewa ambayo umande wake huanza nyuzijoto 25, inalowa hapo hapo, hata kabla hujabonyeza mkebe. Ukiwa na chumba cha namna hiyo, kitumie baada ya rangi kushika, dakika 30 au zaidi, kwa kukaushia tu. Kabla ya hapo bodi na mkebe vikae mahali pale pale utakapopulizia, saa nzima.

Kabla hujaanza kutoa rangi, hakikisha ugonjwa. Wakati mwingine ufa uko kwenye rangi peke yake: rangi kali ikiwekwa juu ya nyingine ambayo haijakauka, ya chini huvimba na ya juu hukunjamana au kupasuka, lakini plastiki iko salama. Chagua sehemu ya sentimita moja karibu na taa ya nyuma, itoe rangi kwa kijiti cha pamba na dawa nitakayoitaja hapa chini, kisha zima taa ya chumba na umulike kwa tochi kutoka ubavuni. Pitisha ukucha. Ukucha ukiteleza bila kukwama, umepona. Ukikwama, au ukiona vijistari vya kijivu ndani ya plastiki, kovu lipo. Angalia na upande wa ndani wa bodi. Ufa unaoonekana pande zote mbili umepenya, na huo utahitaji kuimarishwa kwa supa glu nyembamba kutoka ndani.

Dawa ya kutolea rangi ni mafuta ya breki, DOT 3. Yanapatikana kila duka la vipuri, na polistireni huyavumilia vizuri kwa muda wa saa kadhaa huku rangi ikilegea. Usichukue DOT 5: hayo ni ya silikoni, hayatoi rangi, na yakibaki kwenye bodi yatafanya rangi mpya ijikusanye na kuacha matundu. Pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi nayo hufaa, hasa kwa rangi za akriliki. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ni dhaifu. Kwa rangi ya magari kama yako ningeanza na mafuta ya breki.

Bodi yako ina urefu wa sentimita 17 hivi, kwa hiyo tafuta chombo cha plastiki chenye mfuniko kinachoitosha, kama kile cha aiskrimu cha lita mbili. Lita moja ya mafuta itatosha, bodi ikilala na kugeuzwa. Ondoa vioo na kila kipande cha kung'aa kwanza; vioo havitoki humo salama. Vaa glavu za nitrili. Baada ya saa mbili jaribu kwa mswaki wa zamani. Rangi ikiwa bado ngumu, rudisha na uangalie kila baada ya saa chache. Isipite saa 24, maana plastiki nyingine huanza kuwa kavu na kuvunjika. Sugua kufuata urefu wa nguzo za kioo cha mbele, kamwe usizisugue kwa upana. Bodi nyingi huvunjikia hapo, tena mwishoni kabisa wakati mtu ameshachoka. Kisha osha kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo mara tatu, mpaka maji yasiteleze tena kwenye plastiki. Mafuta yaliyotumika yachuje kwa kitambaa uyatunze, au uyapeleke gereji wanakokusanya oili chafu. Yasiende kwenye bomba la maji machafu.

Tarajia mabaki ya uwaridi ambayo hayatoki. Rangi iliyozama kwenye plastiki imezama. Usiisugue hadi umalize bodi. Praima itaifunika.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa swali lake huja kila mara: vipande vyenye kromu, kama ringi na viakisi vya taa, haviingii kwenye mafuta ya breki. Ukitaka kuitoa kromu, ioshe kwa Jik. Hutoweka ndani ya dakika chache kwa sababu ni utando mwembamba sana wa alumini. Usichanganye Jik na kitu kingine chochote, hasa siki au dawa ya choo.

Ukarabati sasa, na hapa usiwe na haraka. Anza na mistari, kabla ya kujaza chochote. Tumia mgongo wa wembe wa kisu cha modeli, au sindano nene uliyoifunga kwenye mpini, upitishe ndani ya mstari wa mlango mara sita au saba kwa mkono mwepesi. Ukibonyeza mara moja kwa nguvu, ncha itaruka nje na kukukwaruzia mlango. Lengo ni mstari ulio na kina zaidi ya ule wa awali, maana matabaka mapya yatakula sehemu yake. Vinyufa vidogo vipake Mr. Surfacer 500, praima nzito ya kujazia, kwa brashi, vilivyopenya vijazwe kwa supa glu nyembamba. Ile ya kwanza iache siku nzima kabla ya kusugua. Supa glu ni kinyume chake: isugue ndani ya saa moja hivi, kwa sababu ikikaa inakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na msasa utachimba shimo kandokando huku kidonge cha gundi kikibaki kimesimama. Msasa namba 600 wa maji, halafu 800, halafu 1000. Ukiwa na msasa mkononi, tafuta pia zile alama za maungio ya umbo la chuma zinazopita juu ya madigadi na nguzo za paa. Ni mistari myembamba sana iliyonyanyuka, na rangi ya kung'aa huitangaza.

Osha tena kwa sabuni, na kuanzia hapo ishike kwa glavu au kwa kuisimamisha juu ya chupa. Mafuta ya vidole huacha matundu kwenye rangi, na dawa ya kung'arishia dashibodi ikipulizwa chumba hicho hicho hufanya vibaya zaidi.

Praima ndiyo ukuta kati ya plastiki na rangi yoyote itakayofuata. Praima za modeli, kama Fine Surface Primer ya Tamiya au Mr. Surfacer 1000 au 1200 ya mkebe, zote zina viyeyushi, tena si vya utani, lakini zimepimwa kwa ajili ya polistireni na huruka haraka. Siri yake ni matabaka mawili ya vumbivumbi, sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye bodi, dakika kumi kati yake, ambayo hayafuniki kitu chote. Baada ya hapo tabaka la tatu linaweza kuwa na umajimaji kidogo. Anza kupuliza nje ya bodi, pita, maliza nje ya bodi. Ukianzia juu ya boneti, matone makubwa ya mwanzo yataangukia hapo hapo. Nyekundu ni rangi inayopitisha mwanga, kwa hiyo chagua praima nyeupe au ya uwaridi. Juu ya kijivu iliyokolea itakuwa kama matofali.

Kuhusu ule mkebe wako wa nyekundu: hauhitaji kutupwa. Rangi ya magari inaweza kukaa vizuri juu ya praima ya modeli ikiwa itapulizwa kavukavu, na wajenzi wengi hufanya hivyo. Lakini jaribu kwanza. Chukua kijiko cha plastiki cha kutupa chenye alama ya namba 6 ndani ya pembetatu, ambayo ni polistireni kama bodi yako, ukipake praima ile ile, ukipulize, ukiangalie baada ya siku moja. Namba 5 haitakuambia kitu, hiyo ni polipropilini. Ukitaka usalama zaidi, mikebe ya rangi ya modeli ya TS ya Tamiya imetengenezwa kwa kazi hii. Ubaya wake ni upatikanaji: mikebe ya rangi hairuhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, kwa hiyo jamaa wa Dubai au London hawezi kukubebea kwenye begi. Hadi ije kwa njia ya meli au kwa muuzaji anayeagiza mwenyewe, bei huwa imepanda.

Rangi yenyewe ifuate mwendo wa praima: vumbi mbili, dakika kumi kati yake, halafu matabaka mawili yenye umajimaji ukisogea hadi sentimita 15. Hapa ndipo ngozi ya chungwa hutokea, yaani uso wenye vinundu kama ganda la chungwa. Ukiwa mbali mno, matone hukauka nusu kabla ya kufika na hayajipangi. Ukiwa karibu mno, rangi hutiririka na kujikusanya kwenye ukingo wa mbele wa boneti. Tazama uso kwa mshazari kuelekea mwanga wakati unapuliza. Unapoona vijidonge vimeungana na kuwa kioo, ondoa mkono. Ukungu ukianza kujitokeza tena, usiguse. Ngoja rangi ishike, kisha siku yenye ukavu puliza pazia jepesi mno la rangi hiyo hiyo. Kiyeyushi chake hulegeza uso na maji hupata nafasi ya kutoka. Usitie tabaka zito ukidhani utaufukia, utaufungia.

Iache saa 24, au 48 kama hewa ni nzito. Ipeleke puani: ikiwa bado inanuka, bado inakauka.

Boneti nyeusi ya gari hili, ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971, hupakwa baada ya nyekundu. Tumia utepe wa kuzibia wa Tamiya au wowote laini, lakini usitegemee ukingo wake wa kiwandani: ubandike kwenye kipande cha kioo, ukate ukingo mpya kwa rula na wembe, ndipo uuhamishie kwenye bodi. Ukingo wa roli huwa umeokota vumbi, na kila chembe ni mlango wa rangi kupitia. Utepe wa fundi umeme hauzibi vizuri na huacha gundi. Puliza nyeusi kavu kavu, uutoe utepe baada ya nusu saa hivi kwa kuukunja urudi juu yake wenyewe, bila kuunyanyua wima.

Stika za maji, zile za namba na maandishi zinazolowekwa kabla ya kubandikwa, hushika vizuri juu ya uso unaong'aa. Juu ya rangi inayokwaruza hunasa hewa na kuonyesha weupe pembeni. Zikishakauka siku nzima ndipo vanishi, na vanishi nayo ianze na vumbi mbili. Ukiimwaga nzito mara ya kwanza, kiyeyushi kitazikunja namba zako mlangoni mbele ya macho yako.

Vanishi ya magari yenye hadina, ile ya kuchanganya vyombo viwili, naomba uiache kabisa. Inang'aa kweli. Lakini hadina yake ina isosayaneti, kemikali ambazo zinaweza kumfanya mtu apate pumu isiyoondoka, na barakoa ya kawaida ya vichujio si kinga ya kutegemea. Karakana zilizo makini hutumia hewa safi ya bomba. Si kitu cha barazani Likoni. Hata kwa rangi za kawaida puliza nje au dirishani, ukiwa na barakoa ya vichujio vya kaboni, si ya kitambaa wala ya karatasi, na pasiwe na jiko linalowaka karibu. Ukibanwa na kifua au kukohoa mfululizo baada ya kupuliza, nenda hospitali siku hiyo hiyo na uchukue mkebe ukaonyeshe. Mtoto akinywa mafuta ya breki usimtapishe, mkimbize na chupa yake. Rangi ikiingia jichoni, maji yanayotiririka dakika 15, halafu daktari.

Je, ununue brashi ya hewa? Si kwa ajili ya bodi hii. Ni chombo kizuri: sindano ya milimita 0.3, presha ya psi 15 hadi 20, rangi iliyopunguzwa nusu kwa nusu au zaidi, nawe unapata matabaka membamba ambayo mkebe hauwezi. Pia inakupa nafasi ya kutumia tina inayoruka polepole, kama Mr. Color Leveling Thinner, ambayo kwa hewa ya Pwani ni msaada mkubwa. Lakini kompresa inabana hewa ile ile yenye unyevu, maji yanajikusanya kwenye mpira, na bila kichujio cha maji yatakutemea matone juu ya rangi. Ingekuletea ukungu ule ule jioni ile ile. Ukimaliza modeli mbili tatu kwa mkebe na bado una hamu, hapo itafute, pamoja na kichujio chake na kidhibiti cha presha.

Kumpelekea fundi wa rangi za magari ni jambo la kufikiria, kwa sharti moja. Asiipulize, bunduki yake ina tundu la milimita 1.3 au 1.4, atamaliza bodi kwa pumzi moja. Lakini jicho lake ni mali. Baada ya kusugua na kutia praima, mwonyeshe bodi juani umuulize anaona nini. Mtu anayetazama madigadi siku nzima ataona bonde au mkwaruzo ambao wewe, kwa kuizoea, huuoni. Mpelekee pia kama vinyufa vimepita katikati ya nguzo za paa au vimefika sehemu ambayo bodi inapinda ukiibana kidogo. Hapo bodi inapaswa kushikwa mkononi, maelezo hayatoshi, na huenda jibu la kweli likawa kununua seti nyingine na kuitumia hii kwa majaribio ya rangi.

Limebaki suala la matope, na sikucheki. Kwa gari la Safari matope ni haki yake. Ila matope hufuata magurudumu: yanajaa kwenye matao, kwenye sehemu ya chini ya milango, chini ya bampa ya nyuma, kisha yanapungua kadiri unavyopanda. Vinyufa vyako vya chini ya taa vitajificha. Vilivyo juu yake, na ukungu wa paa, havitajificha. Gari lenye tope juu na milango safi linaonekana lilibinuka. Usitumie udongo wa shambani moja kwa moja, maana punje ya nusu milimita hapa ni jiwe la milimita 12. Saga chaki ya rangi ya udongo mwekundu, au upepete udongo mkavu kwa soksi nyembamba ya kike mara mbili, uchanganye na vanishi kidogo isiyong'aa, upakae kwa brashi ya bapa ukivuta kuelekea nyuma ya gari.